Paa Refu la Kubebea Keki

Ukitaka kumkasirisha Muigai bila kumtukana, mwonyeshe gari lenye tundu. Si lazima liwe tundu kubwa. Hata lile la kupitishia waya wa redio linatosha kumharibia chai. Amekuwa fundi wa bodi za magari kwa miaka thelathini na mitano, ishirini ya mwisho katika karakana yake mwenyewe pale Riruta, kando ya Naivasha Road, na katika miaka hiyo yote amefikia imani moja ambayo hata kasisi wao hamwondolei: kila tundu kwenye gari ni mlango wa kutu. Akienda kumsalimia jirani, mkono wake hulipapasa gari la jirani kwanza, chini ya milango na pembeni mwa taa, kisha ndipo humkumbuka mwenyewe.

Tena ana desturi moja ambayo mafundi wenzake humcheka nayo, halafu wakishindwa na gari linalovuja humletea yeye. Akimaliza kazi ya paa hamkabidhi mtu ufunguo. Huenda kwanza nyuma ya karakana akavaa shati lake jeupe la Jumapili, lililopigwa pasi, akaingia ndani ya gari, akafunga milango na kuketi. Wenzake wawili hupanda ngazi na kulimwagia paa maji kwa mpira, robo saa nzima bila huruma. Tone moja likianguka kwenye shati, Muigai hushuka kimya na kuibandua kazi yote aanze upya. Mhindi aliyemfundisha kazi pale Ngara, akiwa bado kijana, ndiye aliyemwachia desturi hiyo. Alikuwa akisema mwenye gari anaweza kudanganywa, lakini shati halidanganywi.

Basi fundi huyuhuyu, mwenye shati lisilodanganywa, kwa miaka kumi na mitatu alimbeba mkewe na keki za watu ndani ya pikapu yenye kiti kilichotoboka. Mganga hajigangi, na mke wa mganga ndiye anayeumia.

Mkewe ni Wanjugu. Majirani wa Uthiru humwita Mama Wahu, kwa jina la kifungua mimba wao, na wote wanajua kwamba harufu inayotoka dirishani kwake Alhamisi na Ijumaa si ya kuonja bure. Alioka keki za harusi ambazo watu walizipiga picha kabla ya bibi harusi. Kuzioka hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kuzifikisha. Keki ya ngazi nne ilikaa mapajani mwake, naye akaikumbatia kutoka Uthiru hadi inakokwenda, haoni barabara, hawezi kujikuna pua, huku Muigai akiendesha kama aliyebeba mgonjwa.

Kisha ikaja Jumamosi moja, miaka miwili iliyopita. Walikwama Kangemi karibu saa nzima, jua likipiga kioo cha mbele, na ndani ya pikapu mlikuwa na joto la kuchemsha maziwa. Wanjugu hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Baba Wahu, inanijia." Aisingi, ile sukari ya kupambia, ilikuwa imelegea, nguzo zikazama, na ngazi ya juu ikawa inamwinamia polepole hadi ikaegemea kifua chake. Wakafika harusini nusu ya keki ikiwa kwenye sinia na nusu kwenye gauni. Bibi harusi akalia. Hilo Wanjugu angelivumilia. Lakini mshereheshaji, mtu asiyejua kupitisha nafasi ya kuchekesha, akashika maikrofoni na kusema, "Ndugu zangu, leo keki haikatwi, inafuliwa." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Wanjugu akasimama pale mlangoni na gauni lake, akitabasamu kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Tangu siku hiyo hakupokea tena harusi. Alioka keki za watoto wa mtaa, za mshumaa mmoja au mitano, zinazobebwa na wenyewe kwa miguu. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba magoti yanamsumbua. Muigai alijua si magoti. Alijua pia kosa ni la nani, na lilimkera usiku na mchana: si jua, si msongamano, ni yeye, fundi wa magari, aliyemwacha mkewe agawane kiti na keki.

Mwezi wa Oktoba alikwenda Ngara kumtafutia mteja mlango wa gari. Katika uwanja wa Sifuna, muuzaji wa vipuri vya magari yaliyokufa, akaikuta vani moja iliyokuwa ikibeba watalii. Ilikuwa imegongwa pua hadi ikapoteza uso, lakini kuanzia viti vya mbele kurudi nyuma ilikuwa nzima. Ilikuwa na paa refu, lile lililoinuliwa, na ndani, juu kabisa upande wa nyuma, kulikuwa na kiyoyozi cha abiria ambacho hakikuwa hata na mkwaruzo. Muigai alisahau mlango wa mteja.

"Niaje mzee," Sifuna akamwambia. "Mbona unaangalia hiyo roofu kama msichana?"

"Ina urefu gani ndani?"

"Si uingie usimame."

Akaingia akasimama. Kofia haikugusa kitu. Akanyoosha mkono na kupima kwa shubiri, akapata kwamba kutoka sakafuni hadi juu ni Wanjugu mmoja na shubiri moja. Hivyo ndivyo wanavyopima kwao; mapazia, kabati, hata lango, vyote vilipimwa kwa Wanjugu.

"Nataka hii roofu. Na hiyo AC ya nyuma."

"Kwani siku hizi unabeba watalii?"

"Nabeba keki."

Sifuna alicheka mpaka akashika nguzo. "Keki nayo inasikia joto?"

"Kuliko wewe," Muigai akamjibu, na hakuwa anatania.

Paa lilisafiri hadi Riruta likiwa limelazwa chali juu ya pikapu, limefungwa kwa kamba, na kila walipopunguza mwendo kulikuwa na mtu wa kumwuliza mzee kama hilo beseni anaogea na ukoo mzima. Muigai aliendelea kuendesha. Alikuwa na furaha ambayo hakutaka kuimwaga njiani.

Gari la kulipokea lilikuwepo tayari: vani ya zamani ya kusambaza mkate, ngumu ya mifupa, yenye paa la chini ambalo mtu huingia kwa kuinama. Muigai alilikata paa hilo kwa grenda asubuhi moja, cheche zikiruka hadi barabarani, na gari likabaki wazi kama sufuria. Paa la Ngara lilipowekwa juu likaonekana limezidi kwa vidole vinne. Fundi mwingine angelisukuma na nyundo. Yeye alilishusha, akalipunguza hivyo vidole vinne, akasuka mbavu za chuma za kulibeba, akalirudisha, akapiga ribiti moja baada ya nyingine na kupitisha gundi kila kiungo mara tatu. Karatasi za ukaguzi zilimzungusha wiki mbili, akazifuata bila kununa, jambo ambalo watu wa karakana bado wanalisimulia.

Kiyoyozi alimwachia Wambua. Huyu ni fundi wa baridi mwenye kibanda Ngara, mtu wa maneno machache, anayetengeneza friji za nyumbani na majokofu ya bucha, na aliyewahi kuitibu friji ya Wanjugu pia. Alikuja na mabomba yake, akayapitisha kutoka kwenye injini hadi nyuma, akakifunga kiyoyozi juu, akajaza gesi. Alhamisi moja ya Desemba, alasiri, kikapuliza. Muigai akaweka uso mbele ya ile baridi akafumba macho. Wambua akakusanya vyombo vyake haraka, maana alikuwa na safari ya kwao Kangundo jioni hiyohiyo.

"Nimemaliza," akasema. "Usiguse kitu yangu."

"Nani aguse?" Muigai akajibu.

Ni vizuri ijulikane kwamba wakati huo Wanjugu alikuwa ameshakubali kuoka tena, ingawa kwa masharti. Rafiki yake wa kanisani, Nyakio, alikuwa anamwoza bintiye Cate Jumamosi hiyo ya Desemba, na tangu mwezi uliotangulia alikuwa amemsihi hadi kuchoka. Wanjugu akasema magoti. Muigai, aliyekuwa anakunywa chai kimya pembeni, akasema, "Mwambie sawa." Siku iliyofuata akampeleka Riruta. Wanjugu alitazama lile gari lenye kichwa kirefu, akaingia kwa mlango wa nyuma, na kwa mazoea akainama. Kisha akagundua hakuna haja. Akanyooka polepole. Akazunguka meza ya chuma iliyofungwa sakafuni, yenye ukingo wa kuzuia keki kuteleza, akakigusa kigoda kilichokuwa kando yake, akatazama juu. Muigai akaanza kujisafisha kucha.

"Ya Cate nitafanya," hatimaye akasema. "Lakini sikia vizuri, Baba Wahu. Hii ikiharibika njiani, oveni nauza. Sitaki kuchekwa tena na watu wenye maikrofoni."

"Haitaharibika."

"Ulisema hivyo pia ile siku."

Na kweli alikuwa amesema.

Sasa tufike Ijumaa, siku ambayo Muigai huwa hapendi isimuliwe akiwepo. Asubuhi alilala chini ya gari kulikagua mara ya mwisho. Akapapasa, akasifu, akapapasa tena, mpaka mkono wake ukakwama. Sakafuni, upande wa nyuma, palikuwa na tundu ambalo yeye hakulitoboa, na kutoka kwenye tundu hilo kilichungulia kipande cha mpira mweusi, mdomo wazi, kama ncha ya kidole. Damu ikamchemka. Wambua! Mtu mzima na akili zake kutoboa sakafu safi namna hii na kuacha paipu inaning'inia! Vumbi litapanda humo, maji ya barabarani yatapanda humo, na baada ya mvua mbili kutu itakuwa imeweka makao. Hakumpigia mtu simu. Angempigia wa nini, na tundu analiona kwa macho yake? Akaukata ule mpira ukawa sawa na sakafu, akaushindilia gundi, akasubiri ikauke, akapaka rangi nyeusi juu. Alipomaliza hata yeye mwenyewe hakuona palipokuwa pametobolewa.

Adhuhuri akavaa shati jeupe na kuingia. Maji yakamwagwa juu robo saa, halafu robo nyingine kwa kuwa keki ni ya Wanjugu. Akatoka mkavu kuanzia kola hadi vifungo, akapita mbele ya watu wote wa karakana kifua mbele, na hakuna aliyemcheka.

Jumamosi waliwasha kiyoyozi mapema, gari likiwa bado limesimama uani Uthiru, ili keki ikute baridi ikiingojea. Ngazi nne ziliingia wima, zimeshakamilika, na maua yake ya sukari juu. Muigai alivaa shati lilelile jeupe, akaongeza na tai. Wanjugu akaketi kwenye kigoda nyuma, mkono mmoja kwenye ukingo wa meza, na wakashika Waiyaki Way kuelekea hoteli moja katikati ya jiji.

Kangemi magari yakasimama. Muigai alitazama foleni, akatazama jua, akajikuta anatabasamu. Acha lichome. Dirisha dogo la nyuma yake likafunguka.

"Baba Wahu, kunanyesha huku."

Akachungulia mbinguni. Hapakuwa na wingu hata la kusingizia. "Kunanyesha aje?"

"Simamisha gari uje uone."

Akatoka kwenye foleni, akaegesha kando, akazunguka mbio na kufungua mlango wa nyuma. Wanjugu alikuwa amesimama wima, amenyoosha mikono yote miwili, ameshikilia sinia juu ya keki. Na kwenye sinia lile maji yalikuwa yanadondoka, to, to, to, kutoka ukingo wa kiyoyozi. Upande mmoja wa ngazi ya juu aisingi ilikuwa imeshachorwa mfereji mwembamba.

Muigai aliruka ndani ya gari. Paa lake! Miaka thelathini na mitano, na paa lililovuja ni hili, leo, hapahapa Kangemi. Akaanza kupapasa viungo kimoja kimoja, ribiti kwa ribiti. Vyote vikavu. Akapapasa tena.

"Nimekuharibia tena," akasema. "Mama Wahu, nisamehe. Nimekuharibia tena."

"Wacha kwanza hiyo," Wanjugu akasema. Alikuwa analitazama lile sinia. "Haya maji ni baridi. Ya juu ya gari na hili jua yangekuwa moto. Unakumbuka friji ilivyotumwagia maji jikoni? Wambua alisema ni paipu imeziba. Hii mashine yake inatolea maji wapi?"

Muigai alikuwa ametazama sakafu.

"Baba Wahu. Umeziba nini?"

"Kulikuwa na kapaipu hapo chini."

"Na?"

"Nikakakata."

"Na?"

"Nikaweka gundi."

Wanjugu alimngojea, maana alimjua.

"Na rangi," Muigai akamalizia.

Ingekuwa mke mwingine, ukoo wa Muigai ungetajwa pale barabarani kuanzia babu. Wanjugu alitikisa kichwa tu. Kwa mguu akalisukuma sanduku lake la vifaa vya kurekebishia keki, ambalo hasafiri bila hilo. "Chukua sindano yangu ya kupimia keki. Ile ndefu. Na uharakishe, mikono inachoka."

Muigai akajitupa chini ya gari, chali, tai na yote. Kupatafuta palipozibwa kulimchukua muda kwa sababu mwenyewe ndiye aliyepaficha vizuri. Akapapata kwa ukucha. Akachoma sindano, akaizungusha, akasukuma, akalaani gundi nzuri, akasukuma tena. Gundi ikaachia, na maji yote ya asubuhi nzima, baridi kama ya mtoni Limuru, yakamshukia kifuani pamoja na rangi nyeusi.

Alipotoka huko chini Wanjugu alikuwa ameshusha sinia, ameinama mlangoni kumtazama. Shati jeupe lilikuwa limegandamana na tumbo, na doa jeusi limetambaa kutoka kifungo cha pili hadi mkandani. Wanjugu akaziba mdomo. Haikusaidia. Alicheka hadi akakaa kwenye kigoda, akacheka hadi machozi, na wenye magari kwenye foleni wakafungua vioo waone kuna nini. Muigai alisimama pale akidondoka maji, akijua anachekwa na barabara nzima, na hakuwahi kufurahia kuchekwa namna hiyo.

"Inadondoka bado?" akauliza.

"Imekata. Endesha polepole, nitaitengeneza tukienda."

Kuanzia Kangemi hadi Museum Hill, Wanjugu alifanya kazi. Kwenye pikapu asingeweza hata kugeuza shingo. Humu foleni iliposimama alisimama, akaifikia ngazi ya juu kabisa kwa urahisi wake, akaujaza ule mfereji kwa aisingi ya akiba, akausawazisha, na juu yake akapanga mawaridi matatu ya sukari. Gari likitembea, aliketi na kungoja. Muigai alikuwa anamtazama kwa kioo. Akaelewa kwamba tangu Oktoba alikuwa akijisifu kwa kuijengea keki nyumba, kumbe aliyekuwa akihitaji nafasi ya kusimama ni huyu.

Hotelini walioibeba keki waliitembeza taratibu kama askofu. Nyakio alimkumbatia Wanjugu, akayasifu mawaridi, akauliza mbona ameyaweka upande mmoja tu. Wanjugu akasema ndiyo mtindo wa mwaka huu. Cate alipoiona keki akashika mashavu. Mshereheshaji, na bahati yake alikuwa mwingine, alisema tu kwamba keki ni ya ngazi nne na wageni wasikimbilie kupanga foleni.

Muigai hakuingia ukumbini na shati lile. Alibaki kwenye maegesho, mlango wa nyuma wazi, akiyafuta maji sakafuni. Wanjugu akamfuata huko na sahani mbili za pilau, wakala wakiwa wameketi mlangoni mwa gari, miguu ikining'inia. Hakumwambia kitu kuhusu oveni. Naye Muigai hakuthubutu kuuliza.

Wakiwa bado wanakula, mama mmoja wa makamo, mwenye kilemba cha buluu, akatoka ukumbini akiangaza huku na huku. Akajitambulisha kuwa ni Wanjira, shangazi ya bwana harusi.

"Wameniambia ni wewe umepika hiyo keki."

"Ni mimi."

"Binti yangu anaolewa Aprili. Anataka ngazi tano, na mimi sijui ametoa wapi hayo mambo. Lakini harusi ni huko kwetu Limuru, mama, na barabara ya ndani ni mawe tupu. Wenye keki wote wa huku mjini wamekataa. Wanasema ya ngazi tano haifiki."

Muigai aliweka sahani chini. Akajifanya anachunguza bawaba ya mlango, bawaba isiyokuwa na kosa lolote, na akaichunguza sana.

Wanjugu alimaliza kutafuna. Akageuka akatazama ndani ya gari, kutoka kwenye ile meza hadi juu, kama anayepima.

"Tano zitaingia," akasema. "Niko na gari."